Siku Fupi ya Mzee Ogeto

Mbio zenyewe zilikuwa za siku tano, na yeyote aliyewahi kupanda vilima vya Kisii akiwa na kilo mbili za sukari mkononi atakuambia kwamba hiyo ni adhabu, si mchezo. Zilianzia Suneka, zikapita juu ya mji wa Kisii, zikakwea Manga na kuteremkia Nyamira, kwa njia za ng'ombe na za wachuma chai, hadi Nyansiongo. Watu walikimbia wawili wawili, na sharti kubwa lilikuwa moja: mliandikishwa wawili, basi mfike wawili. Mmoja akibaki njiani, mwenzake hahesabiwi hata kama ana mbawa.

Wazo la kushiriki lilikuwa la Damaris. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya mtu binafsi mjini Kisii, na kwa mwaka mzima aliamka alfajiri kukimbia kabla ya kwenda kazini, majirani wakimuuliza anafukuzwa na nani. Mumewe Lewis, fundi wa umeme na mtu wa kupenda kitanda, alimfuata kwa sababu ya mapenzi tu. Walikimbia karibu siku nne bila kuteleza. Jioni ya siku ya nne, wakiteremka kuingia Keroka, Lewis akakanyaga jiwe lililolegea, na walipofika kambini kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba hata kiatu hakivuliki.

Damaris alilia, na hakujificha. Siku iliyobaki ilikuwa fupi kuliko zote, kutoka Keroka hadi Nyansiongo, mwendo ambao wenyeji huufanya wakienda kutoa rambirambi na kurudi. Kuikosa hiyo baada ya Manga kulimuuma kuliko kama angekwama siku ya kwanza.

Waandaaji walikuwa na huruma yao. Siku ya mwisho waliiita siku ya jamaa, na mkimbiaji aliyeumia aliruhusiwa kumweka mtu wa nyumba yake mahali pake. Ndipo Mzee Ogeto, baba yake Lewis, aliyekuja kutoka Nyansiongo kumjulia hali mwanawe, akavua koti na kulitundika kwenye kamba ya hema.

"Nipe hiyo fulana," alimwambia Lewis. "Namba ya nyumba yangu haiwezi kuachwa Keroka na nyumba yenyewe iko Nyansiongo."

Watu walicheka, naye akacheka nao. Enzi zake alikuwa mkimbiaji wa timu ya Magereza, na kila aliyekaa naye zaidi ya kikombe kimoja cha chai alizijua mbio zile moja moja, pamoja na viatu alivyovivaa na waliomfuata nyuma. Miguu bado ilikuwa mikavu na mirefu. Kilichozeeka ni vingine, ambavyo havionekani mtu akisimama wima.

Sasa, kwa Wakisii, mkwe na mkamwana hawagusani. Hawapeani mkono. Mzee haingii nyumba ya mwanawe akijua mke yuko ndani peke yake, wala habari za mwili hazitajwi kati yao, si homa, si choo, si maumivu ya mgongo. Wenyewe huiita chinsoni. Si chuki wala woga, ingawa mgeni anaweza kudhani hivyo; ni heshima iliyokomaa mpaka ikawa ua kati ya watu wawili. Vijana wa mjini wameulegeza ua huo. Lewis alimkumbatia mama yake Damaris siku ya harusi na mbingu hazikuanguka. Lakini Damaris alilelewa Suneka na nyanya yake, mwanamke wa mila asiyecheka na jambo, na Mzee Ogeto alikuwa Mzee Ogeto.

Tena alimpenda mzee huyo. Damaris hakumjua baba yake mzazi, na tangu aolewe huyu ndiye aliyekuwa akimwita Tata. Kila alipokuja Kisii, mzee alimletea maziwa ya ng'ombe wake. Aligonga mlango mara moja, akaliweka dumu kizingitini, akarudi mpaka barabarani na kusimama hapo, kofia mkononi, akisubiri mkamwana atoke aitikie. Wakasalimiana kwa mbali, yeye akiangalia migomba. Damaris hakuwahi kuona mtu mwingine aliyemheshimu kiasi hicho, na hakuwa tayari kuuvunja ua ule kutoka upande wake.

Miezi michache kabla ya mbio, mzee alifika kliniki akisema kifua kinambana. Damaris alimwona kupitia dirishani akaenda kumwita Mulki, muuguzi mwenzake, binti wa familia ya Kisomali yenye duka la vitambaa pale mjini.

"Wewe unadunga wanaume wa kaunti mbili sindano za makalio," Mulki alimtania. "Huyu mmoja tu ndiye amekushinda?"

"Huyu ni baba mkwe."

"Kwani baba mkwe hana damu?"

Lakini alikwenda. Alimpima shinikizo la damu, akarudi hana mzaha tena usoni. Alimpa mzee dawa na kumwonya arudi kumwona daktari wa moyo. Damaris aliyasikia yote hayo akiwa nyuma ya pazia. Jioni alimwambia Lewis, Lewis akampigia baba yake simu, na kati ya habari za ndama na za mpira akayataja mambo ya moyo. Mzee akasema amesikia. Maneno yakipita midomo mingi hufika yamepoa, na haya yalifika baridi kabisa.

Kwa hiyo asubuhi ile Keroka, Damaris alimwona mzee akifunga kamba za viatu. Alimvuta Lewis kando akamwomba amuulize baba yake kama anameza dawa. Lewis akachechemea, akauliza. Mzee akajibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba dawa yake ni mlima. Lewis akarudi na jibu hilo akicheka.

Damaris angeweza kukataa. Angesema tu kwamba amechoka, mzee angevaa koti lake na kurudi kwa ng'ombe wake. Lakini alitaka kumaliza. Alitaka kupita chini ya ule utepe Nyansiongo mbele ya watu wa kwao waliomwita mwenda wazimu. Akajiambia kuwa siku ni fupi, na mtu aliyekuwa Magereza hashindwi na mteremko wa Keroka. Na kwa kuwa siku ilikuwa fupi, wengi waliacha mikoba kwenye gari la mizigo. Naye akamwachia Lewis wake, wenye simu, filimbi, koti la mvua na vidonge vya aspirini. Siku fupi, mzigo wa nini?

Walipaswa kuanza asubuhi. Lakini kulikuwa na mgeni wa heshima wa kupeperusha bendera, na wageni wa heshima hawajui saa. Hotuba zilikwisha jua likiwa limepita utosini. Kila mtoto wa Kisii anajua mvua hunyesha baada ya chakula cha mchana, wala haiombi ruhusa ya mgeni wa heshima.

Wakaondoka. Na hapo ndipo palipotokea jambo lililowachekesha watazamaji. Damaris alikuwa amevaa taiti, kama siku zote nne, lakini leo alifunga leso juu yake mpaka chini ya magoti. Mzee naye asingekubali hata kidogo kukimbia nyuma ya mkamwana wake, kwa sababu aliye nyuma huona, na kuna yasiyofaa kuonwa. Basi akatangulia. Damaris akamfuata kwa mwanya wa adabu, si karibu sana, si mbali sana. Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele kwa yule mzee na leso ile.

Anayetangulia ndiye anayepanga mwendo. Mzee Ogeto aliupanga kama kijana. Aliteremka kwa mashamba ya migomba, akavuka kijito kwa magogo, akapanda upande wa pili akipunga mkono kwa watu waliomwita jina. Damaris aliona mgongo wake tu, na fulana ya Lewis iliyolowa jasho. Uso hakuuona. Alikuwa amefundisha mabinti wanaojitolea kwenye mbio hizi kwamba wamtazame mkimbiaji usoni, rangi ya midomo itawaambia yote, na sasa alikimbia nyuma ya kisogo.

Walipofika kwenye mpando wa pili alimsikia akipumua kwa kukwaruza. Angemwambiaje? Hakuweza kutaja kifua chake. Akatafuta njia ya kuzunguka.

"Tata, tutembee kidogo. Mguu wangu unanisumbua."

Mzee akapunguza bila kugeuka. Wakatembea. Baada ya muda akauliza kama mguu umepoa, na bila kusubiri jibu akaanza tena. Damaris akasema tena mguu unauma.

"Mguu wako mzima," mzee akasema mbele yake. "Nausikia unavyokanyaga. Mkamwana, usinizeeshe. Twende tufike nyumbani."

Damaris akamfuata. Angebishana na mgonjwa yeyote duniani, angemkalia kifuani akibidi, lakini huyu hakuwa mgonjwa yeyote.

Mvua iliwakuta wakiingia Borabu, kule ambako mashamba ya walowezi wa zamani yamebaki mapana, malisho na malisho, na nyumba ziko mbalimbali. Ilianza kwa matone mazito, kisha mawe. Watu waliokuwa kandokando ya njia wakakimbilia majumbani. Jozi zilizokuwa mbele zilikwisha potea, zilizokuwa nyuma zikajificha. Njia ilishuka kwenye bonde lenye mikaratusi, na chini ya mikaratusi ile Mzee Ogeto akasimama. Akaegemea mti. Akakaa chini polepole, kama mtu anayekaa kupumzika, akashika kifua.

Sasa Damaris aliuona uso. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alimkimbilia, akapiga magoti kwenye matope, na mzee akainua kiganja baina yao.

"Tiga," akasema. Acha.

Alisema kwa upole, kama alivyosema siku za mwanzo mkamwana alipowahi mlangoni na kutaka kumpokea dumu la maziwa mkononi badala ya kusubiri aliweke chini. Damaris akatii. Akamwambia asisogee, apumue taratibu, na mikono yake mwenyewe ikabaki mapajani. Akapiga kelele kuita watu. Mvua ikameza kelele zote.

Kisha kiganja kile kikashuka. Kichwa kikalala upande, macho wazi, mvua ikiyaingia bila kope kupepesa.

Aliyajua ya kufanya. Hata usingizini aliyajua. Mlaze chali, fungua nguo, kiganja cha kwanza katikati ya kifua, cha pili juu yake, kandamiza kwa nguvu, kwa haraka, usiache. Wala haikuwa habari ya kusoma tu. Mara mbili alikuwa amewarudisha watu kwa mikono ile ile, dereva mmoja na mama mmoja muuza ndizi. Alimshika mzee kwa fulana akamlaza chali, akihakikisha anashika kitambaa tu. Akainua mikono. Ikasimama hewani juu ya namba ya mumewe, upana wa kiganja kutoka kwenye kifua cha baba yake mkwe, na haikushuka.

Aliiamuru ishuke. Alimsikia nyanya yake wa Suneka. Aliona dumu la maziwa kizingitini, na kofia mkononi, na macho yanayoangalia migomba. Aliwaza, atakapoamka akanikuta nimemkalia hivi, atanitazamaje tena? Hilo ndilo aliloliwaza, mtu mzima, muuguzi, na mzee hana pumzi. Kisha akainuka akakimbia kutafuta mwanamume.

Alikimbia kuliko alivyokimbia siku zote zile. Leso ilimfungamana miguuni akaitupa. Kwenye kibanda cha kupimia majani ya chai aliwakuta wanawake watatu wamejikinga mvua. Aliwaambia ni Mzee Ogeto, ameanguka, wakatazamana. Wote watatu walikuwa wake wa wana wa kijiji kile, wakamwana kama yeye. Mmoja akajifunika gunia kichwani akatoka mbio kwenda kuita wanaume, na Damaris akamshukuru, Mungu amsamehe, akamshukuru.

Wanaume walikuja kwa pikipiki ya kubebea maziwa. Damaris akawaongoza mpaka chini ya mikaratusi. Wakambeba mzee, mmoja akamgusa shingo, akavua kofia. Damaris akawaambia wamkandamize kifua, akawaonyesha hewani jinsi ya kufanya, na kijana mmoja akajaribu. Ilikuwa kazi ya bure. Yeye ndiye aliyejua hivyo kuliko wote pale.

Walimzika kando ya nyumba yake Nyansiongo. Watu walijaa mpaka kwenye boma la ng'ombe. Wajomba walisimama mmoja mmoja wakasema, na karibu kila mmoja aligusia jambo lile lile: kwamba mzee alikufa njiani, mvuani, bila mtu wa kumshika, lakini hata kifo hakikumvunjia heshima, kwa kuwa aliyekuwa naye ni binti aliyelelewa. Wangapi wa siku hizi, mmoja aliuliza, wangejua mpaka wao? Watu wakaitikia. Lewis, aliyesimama kwa mkongojo, akamshika Damaris bega na kumnong'oneza asante. Alikuwa na machozi. Alimaanisha.

Damaris aliinamisha kichwa, na watu wakaona unyenyekevu. Upande wa pili wa turubai alimwona Mulki, aliyekuja kutoka Kisii na mtandio mweusi. Mulki alimtazama kwa muda mrefu, macho yake yakiuliza swali moja tu, la kikazi. Damaris akatikisa kichwa. Mulki akainuka, akapenya katikati ya viti akaenda zake barabarani.

Waombolezaji walipotawanyika, walibaki jikoni wawili, yeye na Mokeira, mjane wa mzee. Mokeira alikuwa akimenya ndizi. Hakuwa mtu wa maneno mengi hata siku za furaha.

"Yule rafiki yako wa kliniki," alisema, "aliondoka kabla ya chakula. Alikasirishwa na nini?"

Damaris angeweza kusema safari, au mtoto. Alikuwa amechoka kusifiwa.

"Alitaka kujua kama nilimkandamiza kifua."

"Ulimkandamiza?"

"Hapana, mama."

Mokeira akaendelea kumenya. Utomvu ulikuwa umemganda vidoleni. Aliuliza kama kukandamiza huko kungemrudisha, na Damaris akasema huenda kungemrudisha. Wengine hurudi, wengine hawarudi, lakini asiyekandamizwa harudi. Aliyasema yote, na kwamba aliyajua akiwa pale pale magotini. Akangoja kipigo, au kilio. Alivitaka.

Mokeira akaweka kisu chini. Kwenye kona palikuwa na gunia la mahindi la matanga, limebaki nusu. Akalivuta, akalilaza sakafuni, akapiga magoti mbele yake na mkanda wa khanga ya msiba kiunoni.

"Nionyeshe."

"Mama, tafadhali."

"Nionyeshe. Hapa?"

Damaris akapiga magoti kando yake. Akachukua mikono ya mama mkwe, akaipanga mmoja juu ya mwingine, akaisogeza katikati ya gunia. Akamwambia anyooshe viwiko, aweke uzito wote, asiogope kuvunja mbavu. Mokeira akakandamiza. Mahindi yakalia ndani ya gunia. Akakandamiza tena, na tena, akapata mwendo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu waje."

"Na walikawia?"

"Walikawia, mama."

Mokeira hakuacha. Alikuwa mwanamke mzito, mikono ya kukamua ng'ombe, na jasho likaanza kumtoka chini ya kitambaa. Damaris akamwomba apumzike. Hakumsikia, au alimsikia.

"Kosa la chinsoni huondolewa kwa mbuzi," alisema kati ya pumzi na pumzi. "Mbuzi mmoja. Wazee wanakula, wanaomba, limeisha. Tunao watano pale nyuma."

"Najua."

"Angekasirika. Namjua. Angekasirika mwaka mzima. Asingekuja kwenu, asingeleta maziwa. Angekaa kwenye kile kiti chake kila jioni amenuna, hata chai hataki."

Gunia lilikuwa limeanza kufumuka mshono, na punje zikatambaa sakafuni kuelekea mlangoni, kuku wakazifuata. Mokeira akakandamiza mara nyingine, kisha mikono ikamwishia nguvu akailaza pale pale juu ya mahindi.

"Na mimi ningempikia," akasema, "na hasira zake hizo hizo."